Kipimo cha Mwanzo wa Msimu

Tampere, Septemba

Dada Tuulikki,

Mkate wako wa samaki umefika, timu nzima tumeugombania. Mwambie mama soksi zimenitosha.

Kila mwanzo wa msimu daktari hutupima kumbukumbu. Sisi wa hoki ya barafu hujibu vibaya makusudi, nami nikiwemo, ili tukija kugongwa kichwa na kupimwa tena asione tofauti akatuweka nje. Mwaka huu nahodha ni mimi, nikaona nioneshe mfano. Nilijibu kwa akili zangu zote.

Kipa wetu Jalmari alichungulia majibu akacheka. “Kapteni, kwa kujifanya mjinga hatukuwezi. Alama zako zilezile za mwaka jana.”

Nikacheka naye. Hili mama usimwambie. Jumamosi tunacheza.

Mdogo wako,
Eerik