Chupa ya Mzee Godhana

Ngao, 3 Desemba 2025

Mwanangu Loise,

Natumai umefika salama huko Afrika Kusini, na baridi ya ndege haikukuamshia kile kifua chako. Sisi huku hatujambo. Mto umejaa kidogo, mpunga wa shamba la chini bado umesimama, na goti langu linauma asubuhi tu. Nakuandikia nikiwa juu ya tuta, maana nyumbani simu haishiki mtandao.

Nina ombi moja. Nasikia huko wanalima zabibu kama sisi tunavyolima ndizi. Niletee divai, chupa moja, lakini iwe ya maana. Sitaki ile ya Garsen inayonata mdomoni kama dawa ya kikohozi. Uliza wenyewe, uonje, ulete.

Rafiki yako Hope naye hajambo? Nashukuru hukusafiri peke yako.

Baba yako,
Godhana

Cape Town, 5 Desemba

Shikamoo Baba,

Nimefurahi kusikia goti lina nafuu. Mimi ni mzima, kifua kimetulia. Hope anakusalimu sana.

Ila ombi lako limeninyima raha. Tangu tulipomzika Mama hujagusa tembo, na daktari alikwambia ini lako halitastahimili tena. Leo unataka divai, tena ya maana? Ya nani, Baba? Au umeanza kupokea vidumu vya tembo vya Mjomba Gona? Niambie ukweli kabla sijaingia duka lolote.

Jana tulitembelea shamba moja la zabibu. Watu wazima, wamevaa vizuri, wanaonja divai, wanasukutua nayo mdomo, kisha wanaitema kwenye ndoo. Nikakukumbuka, maana ungewafukuza. Nakutumia picha.

Mwanao,
Loise

Ngao, 8 Desemba

Mwanangu,

Tumeamka salama, nawe natumai vivyo hivyo. Wanaotema divai hawajui kazi ya kugema, hilo tuliache.

Divai si ya kulewa. Ni ya mgeni. Zaidi ya hapo usiniulize.

Picha nimeitazama mpaka betri ikaniishia. Umeketi, mikono yote miwili umeinua, kwa hiyo hukujipiga mwenyewe. Mbele yako kuna glasi ya divai. Upande wa pili kuna kiti kilichosogezwa na kikombe cha chai. Hope ninayemjua mimi hawezi kuwekewa divai ya bure akaagiza chai. Nani alikupiga picha?

Baba yako

Cape Town, 8 Desemba

Shikamoo Baba. Aliyenipiga picha ni Hope. Tumbo lilimsumbua. Tafadhali usianze.

Loise

Ngao, 13 Desemba

Loise,

Sijui kama u mzima, na leo sitauliza. Hope nimemkuta sokoni Garsen akichagua kambare. Tumbo lake liko vizuri sana. Aliponiona aliwaacha samaki, akanisalimia, akanisalimia tena, kisha akakumbuka ana haraka.

Nakuuliza mara ya mwisho, uko na nani? Na divai bado naitaka. Huyo uliye naye ndiye ailete, kwa mkono wake.

Baba yako,
Godhana

Mombasa, 20 Desemba

Shikamoo Baba,

Nimerudi juzi. Ni mzima, ila usingizi sina. Nilikudanganya, na Hope nikamponza. Naomba radhi.

Nilikuwa na Hared, mtoto wa Siyad mwenye duka la magodoro Garsen. Tulilala vyumba mbalimbali, ukitaka kuamini uamini. Anataka kunioa. Niliogopa kukwambia kwa sababu ng'ombe wa baba yake ndio waliomaliza mpunga wetu mwaka ule, na tangu hapo hata dukani kwao huingii.

Na sasa nimekujua. Nilikuwa dukani, chupa mkononi, ndipo nikakumbuka. Kwetu anayeleta kinywaji ndiye anayekunywa wa kwanza, mbele ya mwenye nyumba, aonyeshe kwamba hakutia sumu. Habari zangu na Hared ulishazisikia huko Garsen kabla sijasafiri. Ulitaka aje na divai, umwambie aonje, akatae kwa sababu ya dini yake, nawe useme mbele ya wazee kwamba ameleta sumu. Nimekosea? Nilidhani unarudia ulevi, kumbe unatega mtego. Imeniuma kuliko ulevi.

Nilimweleza Hared yote huku nalia. Akamrudia muuzaji, akamsumbua kwa maswali mpaka duka likakaribia kufungwa, yeye ambaye hajaonja divai maishani mwake. Akatoka na chupa ya maji ya zabibu. Ni zabibu zile zile za divai, ila zimekamuliwa tu, hazikuachwa zichachuke. Ameibeba mwenyewe, kaizungushia kikoi chake. Anasema yeye anaweza kuinywa, na ini lako pia litaiweza.

Tuje au tusije?

Mwanao,
Loise

Mombasa, 25 Desemba

Baba, Krismasi njema. Naona umesoma. Tuje?

Loise

Ngao, 29 Desemba

Mwanangu Loise,

Mimi ni mzima, goti tu. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, halafu nikaona aibu, na aibu ndiyo iliyokawia kuondoka.

Yote uliyosema ni kweli. Nilishamwita Gona na wazee wengine waje kushuhudia. Hata kiti atakachokalia huyo kijana nilikuwa nimekichagua, kile kibovu.

Lakini hilo la ini sikulitarajia. Miaka yote hii shemeji zangu wananiletea vidumu, nami navirudisha, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza ini langu linaweza nini. Nilisoma hapo juu ya tuta, nikaketi chini.

Usidhani nimemwamini. Mtu anayefikiri mbali namna hiyo anahitaji kutazamwa vizuri, na mimi nataka nimtazame kwa karibu. Njooni Jumamosi. Wazee nimewaambia wabaki makwao. Kiti nimekipiga misumari. Glasi za mama yako nimezitoa kabatini, nimeziosha mwenyewe.

Aje na chupa yake, aifungue mbele yangu, anywe wa kwanza. Akishameza, nami nitakunywa.

Baba yenu,
Godhana