Ndugu wa Pingu Moja

Karurumo,
Embu.
12 Agosti 1999

Mpendwa dada Wanjira,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye baridi. Hujambo wewe, na shemeji hajambo? Au jua la Lodwar limeshawakausha kama omena? Sisi tu wazima, isipokuwa Baba. Kifua kimemlemea, na siku hizi chakula chake ni uji tu.

Ulisema huko shuleni kwenu hakuna televisheni. Hujakosa kitu. Yetu tunaiwasha kwa betri ya gari, na kila Jumapili baada ya kanisa majirani wanakuja na vigoda vyao kutazama ule mchezo wa polisi. Ni wa familia moja ya ajabu: baba mkali, mama mwongo, na ndugu wawili waliomuua mjomba wao kwa sababu ya shamba. Mama mtu alilificha panga lenye damu kwenye pipa la unga. Mabishano yake hapa usiseme! Peninah wa dukani anasema mama huyo alifanya vyema, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mama yetu anasema yeye angelipeleka lile panga polisi mwenyewe.

Lakini dada, wabishi wakubwa ni kaka zetu. Tangu Ireri asogeze mpaka wa kahawa, yeye na Nyaga hawasalimiani. Mbele ya televisheni tu ndipo wanapopata mdomo. Nyaga atasema, "Huyo mkubwa ni mwizi, hata sura inaonyesha." Ireri atajibu akitazama ukuta, "Na huyo mdogo ni mvivu, alikuwa anangoja kupewa." Majirani wanacheka. Mimi sicheki tena.

Unajua Baba alichokuwa anangoja. Aliapa hatambariki mmoja peke yake. Wapige magoti pamoja, awatemee mate kifuani na kuwatamkia thaai, ile amani ya wazee, kama babu alivyomfanyia yeye. Mchungaji amewaita, wazee wa ukoo wamewaita. Kila mmoja anasema mwenzake ndiye atangulie.

Basi Jumapili iliyopita wale ndugu wa kwenye mchezo walikamatwa. Walifungwa pingu moja, mkono wa huyu kwa mkono wa yule, wakapandishwa gari wakilia. Nyumba nzima ikawa inabishana kama watanyongwa. Baba akainuka kwa fimbo yake, akajikokota hadi kwenye televisheni, akatemea kile kioo mate kidogo, akasema, "Thaai, wanangu. Thaai."

Mama akapiga kelele, "Mzee, hao ni wa kuigiza! Wako ni hawa wamekaa hapa!"

"Hao wako pamoja," Baba akasema, akarudi kitandani.

Unadhani kuna aliyeinuka kumfuata? Ireri alisema tu, "Ni Nyaga amemkasirisha." Nilitoka nje nikalia karibu na zizi.

Jana nilimwomba Baba ajaribu mara nyingine. Aliniambia alichokuwa nacho ameshakitoa. Sikusihi uje, dada. Hata ukija na maneno yote ya walimu, sioni kitakachobadilika.

Msalimie shemeji na Kaari mdogo. Mama anawasalimu, na Peninah pia. Ireri na Nyaga wanawasalimu, kila mmoja kwa wakati wake. Nilimwuliza Baba nikuandikie baraka gani, akageukia ukuta. Basi pokea yangu, ingawa mimi ni kitindamimba na mate yangu hayana uzito: thaai, dada.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Cicily