Sinema ya Maiti Anayengoja

Dar es Salaam, 4 Agosti 2024

Shikamoo Mama Mkubwa,

Natumaini presha imetulia. Mimi mzima, alhamdulillahi.

Sinema yangu, *Bado Hajafika*, imekamilika. Itaonyeshwa chuoni Mzumbe Jumamosi. Inachekesha, ila kwa uchungu: mama amefariki, maiti amelazwa sebuleni, hazikwi kwa sababu mwanawe hajafika. Wiki zinapita. Wageni wanakula pilau, nzi wanazidi, na dada wa marehemu anapuliza marashi akisema, "Karibuni ndani, leo hewa nzuri." Mimi naigiza mtani wa msibani. Tafadhali uje, nimekuwekea kiti cha mbele.

Mwanao,
Hafidhi

Mwembesongo, 12 Agosti 2024

Hafidhi,

Marahaba. Presha ilikuwa imetulia mpaka Jumamosi.

Ndiyo sanaa hiyo? Watu wazima tumekaa gizani tunatazama nzi anatembea kwenye kidole cha maiti! Mhadhiri mmoja akaninong'oneza eti nzi yule ni "wakati unaopita". Nikamwambia, baba, nzi ni nzi, funikeni chakula.

Na yule mwanamke wa marashi ni mimi. Hata kilemba ni changu! Ulikichukua lini?

Hayo nameza. Lakini wewe kujifanya mtani! Mtani wetu ni Stambuli. Yeye ndiye mwenye ruhusa ya kumwiga marehemu mpaka tucheke, kwa sababu yeye hakufiwa. Wewe umefiwa, kazi yako kulia. Tangu lini mtu akautania msiba wa mama yake mzazi? Hata haya huna.

Mama yako Mkubwa

Dar es Salaam, 21 Agosti 2024

Shikamoo Mama Mkubwa,

Pole na presha.

Ningelia saa ngapi? Siku ya mazishi nilikupigia simu nikiwa njiani, Chalinze, nikasema ningojeni. Nafika kijijini Matombo, kaburi limeshafukiwa, Stambuli anamwiga mama anavyokoroma na nyote mmeshika mbavu. Ukaniambia dini hairuhusu kumngojesha maiti. Mbona babu Abasi alingojewa mpaka kesho yake? Ulininyima uso wa mama yangu. Ndiyo maana yule mwanamke kavaa kilemba chako. Siombi radhi kwa watu wasiojua sinema.

Hafidhi

Mwembesongo, 9 Septemba 2024

Hafidhi,

Hali yako siulizi. Kwa ulimi ule, mzima wewe.

Sinema siijui, sawa. Uozo naujua. Wewe umeuigiza kwa rangi na unga, mimi nimeuosha kwa mikono hii.

Habari ya dini nilikudanganya. Ile saratani ilimla mama yako shavu mpaka meno yakaonekana mdomo ukiwa umefungwa. Mlipokuwa mnaongea kwenye simu ukawa unalalamika mtandao mbovu. Haukuwa mtandao. Kila ulipotaka kuja, alinituma nikwambie amepanda Matombo, hayupo mjini. Akaniapisha: "Hafidhi asinione hivi, hata nikifa." Kwa hiyo uliposema uko Chalinze, nikawahimiza wachimbaji.

Na marashi nilikuwa nampulizia angali hai, ili asijisikie harufu. Pale ndipo Mzumbe walipocheka kuliko kote. Nami nilicheka, Hafidhi. Nikajichukia, nikakuchukia na wewe.

Mama yako Mkubwa

Mwembesongo, 30 Septemba 2024

Mwanangu Hafidhi,

Hujambo? Unakula? Mbona kimya, hata simu hupokei?

Barua ile niliiandika kwa hasira, lakini hakuna neno la uongo ndani yake na sifuti kitu. Sinema yako bado naidharau, usije ukadhani nimelainika. Ovyo kabisa.

Ijumaa tunamsomea mama yako hitima kule Matombo. Stambuli nimemwambia atulie, siku hiyo ni yako. Njoo ulie mpaka uchoke, hakuna atakayekucheka. Mimi sikujaaliwa kuzaa, na mdogo wangu ndiye huyo kaenda. Ukininunia na wewe, nani ataniita mama?

Mama yako