Maji ya Udhu Chini ya Mchungwa

Kwako ndugu yangu Iliasi,

Amani ikufikie huko Salamabila, na kile kikohozi cha vumbi la mashimo ya dhahabu kiwe kimekuacha. Sisi hapa Kasongo tu wazima. Baba bado analalamika kwamba chai yangu ni maji matupu, kwa hiyo ujue hajambo. Barua nimempa Asani wa pikipiki, maana maneno haya simu haiyawezi.

Uliuliza habari za mchungwa wa marehemu Mama. Unakufa. Majani yamegeuka njano, machungwa yanadondoka yangali mabichi. Baba alisema ulianza kuugua mkeo Odile alipoingia nyumbani, basi ni mkono wake. Ndiyo maana Odile akarudi kwao Wamaza, nawe ukanyamaza. Nilikukasirikia sana kwa ule ukimya.

Juzi nilifukua udongo kwenye shina. Gamba limeoza, linatoa utomvu na harufu chachu, na vijizizi ukivivuta vinaambuka ganda mkononi. Michungwa mingine ya uani haina neno. Huu tu ndio unaosimama ndani ya maji. Unakumbuka matofali yaliyobaki ulipojenga chumba chenu cha arusi? Baba aliuzungushia mti, ili maji yake ya udhu yasikanyagwe na watu, yaunyweshe mti wa Mama. Kila swala, kila siku. Odile na yale matofali viliingia pamoja, sisi tukamwona Odile peke yake.

Nikamtumia Odile ujumbe kumweleza. Akajibu kwamba alijua tangu mwanzo, kwao bondeni milimau ilikufa hivyohivyo. Aliona heri aitwe mchawi kuliko mzee ajue kwamba udhu wake ndio unaoua mti wa mkewe. Akaniomba nami nimfiche mzee.

Sikumtii. Jana baada ya alasiri nilimwambia Baba yote. Aliinama akang'oa matofali kwa mikono yake, kisha akasema: "Ule mutoto alinifichia haya yangu, na mimi nikamufukuza."

Mti hauponi tena, mizizi imekwisha. Baba anataka kupanda pikipiki hadi Wamaza, na magoti yake hayo, akamwombe Odile msamaha mbele ya wazazi wake. Ila anasema mke ni wako, hatakwenda bila ruhusa yako. Baba yetu anakuomba ruhusa, Iliasi.

Usimjibu. Mtangulie.

Wasalimie wenzako wa shimoni. Baba anakusalimu, na jirani Mwamvita pia.

Ni mimi dada yako,
Hidaya