Tangausi ya Madeleine na Machupa Chini ya Kitanda

Kazi moja, 14 Octobre 2024

Andika Wivine, mutoto wangu, vile niko nasema, usibadirishe. Basi, ile kinywaji ya tangausi ya jirani Madeleine. Inapiga gaz kama coca ya usine! Tangausi, sukari, levure kidogo ya mukate, anafunga nguvu, siku mbili inaamka. Na munkoyo yangu, ya bunga ya mahindi na mizizi? Niko napika munkoyo hapa Ruashi tangu marehemu baba yako alikuwa angali na nywele. Leo diacre Clément wa kanisa alipita, binti yake anaolewa siku ya posho, kesho yake ni siku ya Mungu. Nikapanguza kiti. "Mama Angélique, jambo," — akapita mbio kwa jirani. Madeleine njo atapika kinywaji ya ndoa. Kicheko yake ilifika mpaka hapa. Iko na meno mingi, ule mwanamuke.

Kazi mbili, 15 Octobre

Nilienda kwake kuomba chumvi. Chumvi niko nayo. Nilienda kuangalia.

Iko anaosha machupa ya plastike, ya coca na ya Fanta tu. Ya maji anatupa pembeni. "Mudogo wangu, juu ya nini unatupa?" Eti ya maji iko laini, haiwezi kubeba gaz. Majivuno! Chupa ni chupa. Nikaokota kumi na nane, nikasema ya kutia mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya kupikia. Akanisaidia kufunga mufuko. Anajifanya mupole.

Tena alikuwa ananionesha vile banaachaka gaz itoke, na kitambala ya maji, sijui nini. Mie nilikuwa naangalia paka sukari tu, anatia ngapi.

Kazi tatu, 16 Octobre

Nilipika tangausi yangu. Sukari mara mbili ya yake, levure vilevile. Clément ataonja, atajua mupishi ni nani. Munkoyo hatufungake nguvu, tunaacha kifuniko ilegee, ipumue. Ile ya gaz nilikaza na kitambala mpaka mukono iliuma. Nikaweka chini ya kitanda yangu, Madeleine asione. Wivine anasema, mama, ile chumba iko moto sana, tôle ya juu ya nyumba inachoma. Weye andika.

Kazi ine, 17 Octobre

Inavimba. Chini imekuwa duara, haisimami tena, inalala kama bamama ba mimba. Muzuri. Gaz inaingia.

Kazi tano, 18 Octobre

Asubui nilikuwa nafunga kitambala ku kichwa. Moja ikapasuka. Kitanda iliruka! Kifuniko ilitokea pembeni, ikatoboa plafond ya juu, kipande ikanikata hapa, ku shavu, karibu na jicho. Bajirani balisema ni mine ya shaba inapiga baruti. Nikabaacha baseme.

Imebakia kumi na saba. Nilifunga mulango. Wivine anasema tuite Madeleine, ye njo anajua. Nikasema afazali nilale inje mpaka Noeli.

Na saa hii iko ku lupango, hapa inje ya nyumba, ule Madeleine. Namusikia. "Yaya, mukubwa wangu, bantu ba ndoa banaongezeka, peke yangu siwezi. Clément naye anaomba munkoyo yako. Tupike pamoja?"

Wivine, ile usiandike. Ao andika.

"Yaya? Ile sufuria yako kubwa iko mu chumba? Usisumbuke, naingia kukamata mie mwenyewe."

Funguo niliacha ku mulango. Acha kalamu, Wivine. Madeleine, ngoja, usifungue, nakuya, niko na neno ya kukuambia —