Ukumbi Umefunguliwa, Wachezaji Wameondoka

Jumamosi, Agosti 1987

Basi, ukumbi wetu wa ngoma na maigizo hapa Same umefunguliwa leo, na sina furaha.

Mzee Saidi hakuwepo. Huyu mkata mkonge wa kutoka Newala ndiye aliyetujengea jukwaa kwa mbao chakavu, jioni baada ya kazi, na kikundi chake cha ngoma ya sindimba ndicho kilichokuwa kifungue. Jukwaa lilikuwa tayari tangu Juni. Tukaahirisha mara mbili kumsubiri mgeni rasmi. Hapo katikati shamba la mkonge likapunguza watu, mzee na wachezaji wake wakiwemo.

Nilimfuata stesheni siku aliyoondoka.

"Shikamoo mzee. Subiri kidogo, tufungue pamoja."

"Marahaba, mwanangu. Kambini tumeshatolewa. Nisubiri nikilala wapi?"



Leo mgeni rasmi amekata utepe na kuhutubia. Kwaya kutoka Chome imeimba vizuri, siwezi kusema uongo. Kisha mgeni akaniuliza, "Mbona hakuna ngoma?" Nikamwambia wachezaji wamesafiri.

Wamesafiri! Kama vile watarudi.

Tungefungua ile Juni, bila mgeni yeyote. Angalau mzee angecheza mara moja tu...