Kitanzi Kimoja Kimeruka

Jumanne, 3 Septemba

 Leo asubuhi kaniletea chai kitandani! Elisha! Mwanaume wa Kibena na chai kitandani! Nimecheka hadi nikaimwaga kwenye shuka. Kanisihi nisiseme nyumbani, ukoo utamfukuza. Nampenda. Nampenda kuliko jana, na jana nilidhani nimefika mwisho wa kupenda.

Chumba chetu hapa Sanyuanli, kwa Wachina, kimejaa katoni za jinzi hadi dirishani. Tunapita kiubavu kwenda bafuni. Sijali. Tangu harusi mwezi wa saba sijalala na huzuni hata siku moja.

Mama kapiga simu kutoka Njombe. Wamekabidhiwa mashine za kufuma! Ile ruzuku ya serikali imefika kweli. Kikundi chao ni akina mama watupu, wote walikuwa kwenye mpango wa kaya maskini. Serikali imewafundisha kufuma masweta ya shule na sasa imewapa mashine na uzi wa kuanzia. Walimu wakuu wa kata wamekubali kwa mdomo: Januari watoto watavaa masweta ya akina mama. Kikundi kikishapata wateja, kitaongezewa ruzuku ya pili. Na Mama katia dole gumba kujitoa kwenye mpango. Ndilo sharti. Mwenye kazi hapokei tena.

"Sipangi tena foleni kwa mtendaji, mwanangu. Nina kazi."

Kalirudia hilo neno. Kazi. Sijawahi kumsikia Mama akijidai. Nimefurahi nikalia.

Jumapili, 8 Septemba

Nimetundika sweta la Mama ukutani, juu ya kitanda. Ndilo sweta la kwanza alilofuma kwenye mafunzo, kwa mashine ya kuazima. Alinipa siku ya harusi mbele ya watu wote. Ni la mtoto wa darasa la kwanza, kijani, shingoni mstari wa njano, kama yatakavyokuwa ya shule. Kasema ni la mjukuu. Watu walipiga vigelegele, mimi nikaficha uso kwenye shela.

Chini ya kwapa la kushoto kitanzi kimoja kimeruka. Mama alikiona, akakataa kufumua. "Acha, ndilo la kwanza. Lijulikane ni la kwanza."

Elisha kalitazama muda mrefu leo baada ya ibada. Kalishika mkono, kalivuta, kaligeuza ndani nje. Najua alichokuwa anawaza. Anawaza mtoto wetu. Nimeona haya mwenyewe, nikaenda kuosha vyombo visivyo vichafu.

Alhamisi, 12 Septemba

Sweta halipo ukutani. Nimeshtuka. Elisha kacheka. Kalichukua yeye. Siri, kasema. Zawadi kwa Mama, na nisiulize.

Siulizi! Mume ana siri ya kumfurahisha mama mkwe wake. Nani kapata mume kama huyu? Dada Faraja wa chumba cha pili anasema ndoa zote huanza hivi. "Subiri mwaka uishe, utamficha yeye sufuria." Ana wivu. Anatupikia ugali wafanyabiashara wote wa jengo hili na mume wake yuko Mwanza. Namwonea huruma.

Jumamosi, 21 Septemba

Xintang kutwa, kwenye viwanda. Jinzi, jinzi, jinzi. Vidole vyangu vimekuwa vya bluu. Laoban wetu (hata mimi sasa nasema laoban, bosi nimeshalisahau) ni mama mfupi mwenye sauti ya king'ora. Kila bei anayotajiwa na Elisha anajibu "mei you!", haipo. Kisha inakuwepo. Leo kanishika tumbo mbele ya mafundi wake, kauliza mtoto yuko wapi. Elisha kamjibu kwa Kichina, wote wakaangua kicheko. Nimemfinya. Kasema, "Nimemwambia mtoto yupo kwenye kontena linalofuata."

Mume wangu anaongea Kichina kama wenyewe. Anakokotoa kichwani. Anajua kugusa kitambaa tu akasema kitachuja. Mimi na kidato cha nne changu namtazama kama mtazamaji wa mpira.

Siku nzuri kabisa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Maonyesho ya biashara, Pazhou. Miguu imevimba. Elisha kanibebea viatu ndani ya treni, mimi peku, watu wanatupiga picha. Sijali!

Ila Mama. Simu yake ya leo haikuwa na ile sauti. Wameshajaza rafu mbili za masweta. Afisa maendeleo kawapiga picha. Lakini mwalimu mkuu wa shule ya kwanza kasema wasubiri kidogo. Wa pili naye kasema hivyohivyo. Kuna mwenye duka mjini kapeleka sampuli, nzuri, na bei ya chini kuliko gharama ya uzi wao.

Nimemwambia Elisha. Badala ya kusikitika katabasamu. "Mwambie Mama asihangaike. Subiri uone."

  Pengine ana mpango wa kuwasaidia. Lazima ana mpango.

Jumamosi, 2 Novemba



Kanipeleka Xintang, lakini si kwa laoban wetu. Uchochoro wa nyuma, karakana ndogo ya kufuma. Mlangoni kaniziba macho kwa viganja vyake. Bado nilikuwa nacheka. Kaviondoa.

Masweta. Kijani, mstari wa njano shingoni. Yamerundikwa hadi juu ya vichwa vya mafundi.

"Mama apumzike sasa," kasema. Uso wake ulikuwa unang'aa kama siku ya harusi. Kanieleza yote, haraka haraka, kama mtoto. Mwenye duka wa Njombe ni mteja wake wa jinzi. Alimuulizia masweta ya shule. Elisha akakumbuka la ukutani. Kachukua sampuli, kaileta hapa, wakanakili. Machache yakatangulia kwa ndege mwezi uliopita. Walimu wakuu wakayapenda. Shule zote za kata zimekubali. Na Mama atapewa furushi lake la masweta, akae kwenye kiti, auze. Mgongo wake upone.

Nilichukua moja. Nikageuza chini ya kwapa la kushoto. Kitanzi kimoja kimeruka. La pili, kimeruka. La tatu. Nilichimba hadi chini ya rundo. Wamelinakili kosa la Mama kwenye kila sweta. Ndiyo kazi yao hapa. Unachowapa ndicho wanachokupa.

"Elisha, hivi ndivyo Mama anavyofuma."

"Ndiyo! Sasa hatafuma tena."

Hakuelewa. Nilimtazama machoni, kweli hakuelewa. Angekuwa na ubaya ningejua la kufanya.

Nikaomba sweta langu. Laoban wa pale kaleta mfuko wa nailoni. Ndani uzi mtupu, umejikunja kunja. Walilifumua ili wajue limefumwaje. Sweta la mjukuu.

Jumatatu, 4 Novemba

Tumegombana. Mara ya kwanza. Nimemwambia yasipande kontena. Ayauze kwingine, Zambia, Kongo, popote. Kasema yamefumwa rangi ya shule zile, hakuna kwingine. Mwenye duka ameshachukua oda. Akirudi nyuma jina lake limekufa, hakuna atakayemwagiza hata soksi.

Kisha kasema taratibu, bila hasira, "Mke wangu, nisipopeleka mimi atapeleka mwingine wiki ijayo. Sampuli ishatoka."

Inawezekana ni kweli. Hilo ndilo linaloniuma. Lakini mwingine asingekuwa na chai yangu ya asubuhi mkononi.

Nimemwambia Elisha kwamba Mama ameshajitoa kwenye mpango. Alikuwa hajui! Alidhani pesa za kaya maskini zinaendelea na kufuma ni kwa kupitisha muda tu. Sikuwahi kumweleza. Nilikuwa nambusu tu.  Nimefungua bomba la bafuni ili asinisikie nikilia. Kanisikia.

Tumelala tumepeana migongo.

Jumatano, 6 Novemba

Yamepakiwa. Wamekodi kontena pamoja na wafanyabiashara wengine, halimsubiri mtu. Elisha karudi na jasho, kakaa mlangoni. Hakuvua viatu. Nilimpa maji. Tumeangaliana kama wageni.

Jumapili, 10 Novemba

Sikwenda ibada. Mama kapiga.

Kaenda dukani mjini kuona hilo sweta linalowashinda. Kalishika mwenyewe.

"Kamwene, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nimeliona."  Nikasikia kuku wake. "Lina kosa langu."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikasema ni Elisha, hakujua, alitaka kumpumzisha. Maneno yalitoka yamevurugika. Mama kanisikiliza hadi mwisho. Hakupaza sauti. Angenitukana ningepumua.

"Mwambie mumeo asante kwa kunikumbuka," kasema. Na alimaanisha. Mama hasemi kitu kwa kejeli, hajui. Ndiyo maana nimekaa sakafuni tangu saa hiyo.

Alhamisi, 14 Novemba

Afisa kaenda kukagua. Kakuta rafu zimejaa, mashine zimefunikwa vitenge. Ruzuku ya pili haitolewi kwa kikundi kisicho na wateja. Si ubaya wake, ndivyo utaratibu ulivyo. Kwenye daftari la kaya maskini hawarudi mpaka watu waandikishwe upya, na hakuna anayejua lini. Walitoka wenyewe, kwa madole gumba yao, wakiimba.

Kwa hiyo hawana ruzuku na hawana kazi.

Mama Tuli wa kikundi chao karudi kuchuma chai kwa kibarua. Wengine wanakwenda kupalilia viazi vya watu. Mama bado anakwenda pale kwenye mashine kila asubuhi. Anafunua mashine, anaipaka mafuta, anaifunika. "Isishike kutu," kasema. Nimeuliza anakula nini. Kanibadilishia mazungumzo. Kaniuliza kama kwetu kuna baridi.

Nachukia rangi ya kijani.

Jumatano, 20 Novemba

Dada Faraja kaleta ugali na maharage, bila kuulizwa. Kaona sufuria zetu kavu. "Kuleni. Hata wanaochukiana hula." Nimemwambia simchukii. "Najua. Ndiyo maana umekonda."

Kwenye mlango huohuo niliwahi kumwonea huruma.

Jioni Elisha kapiga simu kwa Mama yeye mwenyewe. Nilikuwa nimekaa juu ya katoni. Alisimama wima kama yuko mbele yake.

Kamwahidi si furushi moja tena. Masweta yatakapofika yote yaliyo sehemu yake apewe yeye na kikundi, wauze, wachukue kila kitu. 

"Asante, baba," Mama kasema. Alikuwa kwenye spika, nilisikia vizuri. "Lakini mimi nilifundishwa kufuma. Sikufundishwa kukaa."

"Nisamehe, Mama."

"Umekula?"

 Alibaki ameishika simu muda mrefu baada ya Mama kukata. Kisha katoka, kasimama ngazini, taa ya ngazi ikazimika yenyewe na hakuiwasha.

Sikumfuata. Nilitaka. Bado nampenda. Ingekuwa rahisi kama ningeacha. Namwangalia kisogo na moyo unaruka vilevile, halafu namkumbuka Mama na chupa ya mafuta ya mashine. Vyote viwili, kifua hikihiki.

Jumapili, 24 Novemba

Asubuhi hakuna chai. Mimi ndiye niliyemwambia asilete.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua nyembamba. Nguo hazikauki.

Ijumaa niliufua uzi wa sweta la Mama kwa maji ya vuguvugu, unyooke. Nikauning'iniza pale ukutani palipokuwa na sweta. Leo baada ya kula Elisha kauchukua bila kusema. Kakaa kitandani, kanyoosha mikono yote miwili, kauzungusha uzi juu yake, kakaa hivyo kunishikia kama watoto wanavyowashikia mama zao. Mimi nikaukunja. Mpira ukakua polepole mkononi mwangu. Kila uzi ulipokwama alipindisha kidole ukapita.  Mikono yake ilikuwa inachoka, naijua, lakini hakuishusha hadi mwisho.

Mpira mmoja tu. Sweta zima ni mpira mmoja, unaenea kwenye viganja.

Kisha katoa tiketi chini ya mto. Moja, ya kwangu, ya kwenda nyumbani. Kauza simu yake kubwa, ile ya kupigia picha mizigo. Kasema yeye atakuja siku Mama atakapotaka kumwona. Nikamwambia nitamuuliza. Sikumwambia atajibu nini, maana sijui. Nimeegemea bega lake kidogo. Kidogo tu.

Sijui nitafanya nini nikifika. Shule hazibadilishi neno kwa ajili yangu. Afisa hafungui daftari kwa ajili yangu. Kwanza nitakaa naye pale kwenye mashine. Nitamwomba anifundishe. Tutaanza tena la mjukuu, na kile kitanzi akitaka akiruke, akitaka akishike.

Nimempigia. Alikuwa anatoka kuifunika mashine.

"Siku hizi usiifunike mapema, Mama," nimemwambia. "Nakuja. Kabla mwezi haujaisha utaniona mlangoni."